Piko la Kidole cha Mwisho

Mie piko sipaki. Nishasema harusini, nishasema kwa ndugu, nishasema mpaka mate yamenikauka, na bado kila pakiwa na harusi hakosi mmoja na kibakuli chake cha hiyo rangi nyeusi ya kuchorea mikono: "Lete mkono, usitutie aibu." Juzi Vitongoji, kwenye harusi ya binamu yangu, msichana mmoja kanishika kiganja kwa nguvu kanichovya kidole cha mwisho kabla sijageuka. Nilimpiga kibao bakuli likaruka, piko likamwagikia mkeka mpya wa bibi harusi, na watu wakaninunia mpaka biriani ikaliwa. Sawa, wanune. Ile harufu kali inayopanda puani kama dawa ya mende, kwangu mie si harufu ya harusi. Ni harufu ya Faki akilia. Nimechoka kuulizwa, kwa hiyo leo naeleza mara moja. Nyie rika langu mliokulia uani kama mie mtanielewa. Wengine shauri yao.

Tulikaa mjini Chake, nyuma ya majumba ya maendeleo, yale ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi. Ndani yake walikaa wengine. Sie tulikaa nyuma, kwenye vibanda vya udongo na mabati yaliyotoboka, vimezunguka uwanja mmoja wenye mfereji mmoja wa kutekea maji. Bomba la maji machafu la wale wa juu lilipasuka zamani, na kila walichokimwaga kilikuja kwetu. Palikuwa na dimbwi la kijani lisilokauka kiangazi wala masika. Wakubwa waliliita karo. Sie watoto tuliliita bahari, tukayaachia makumbi ya nazi yaelee ndani yake, na tukipigana, aliyeshindwa hutumbukizwa uso humo.

Na kupigana ndiyo ilikuwa kazi. Asubuhi wanawake walipigana mferejini kwa ndoo, nani kaweka ya kwake mbele ya nani. Jioni waume waliwapiga wake, wake wakatupiga sie, sie tukapigana wenyewe, na asiyekuwa na wa kumpiga akampiga paka. Mie nilikuwa na sifa yangu. Nilikuwa nang'ata. Wavulana wakubwa kuliko mie wanayo mpaka leo alama ya meno yangu, na nikikutana na mmoja wao sokoni huwa ananificha mkono, ananicheka, "Mize, umeshakula?"

Nililelewa na Bibi, mama yake mama. Mama kaolewa tena Wingwi na mume mpya hakutaka mtoto wa mwenziwe, basi nikabaki na Bibi, sie wawili tu kibandani. Bibi alikaanga chipsi za muhogo akiwauzia watoto wa skuli. Wazee wake walikuja kutoka bara kuchuma karafuu za watu huko Ole. Yeye kazaliwa Ole, hajaivuka bahari hata siku moja, lakini ugomvi ukipamba moto neno la kwanza lilikuwa, "Rudi kwenu bara!" Naye hujibu palepale, "Nirudi wapi? Mie nikifika huko hata choo nitauliza kiko wapi." Watu wakacheka, ugomvi ukapoa. Alikuwa anachechemea, anaegemea mpini wa jembe. Ukimuuliza, atakwambia alianguka mkarafuuni. Kanga yake ilishuka mpaka kisiginoni daima, hata akiwa jikoni na moto, na akienda kuoga alifunga mlango wa choo kwa kamba kama anafungia ng'ombe ndani. Mie nililala naye kitanda kimoja na sikuwahi kuiona miguu yake. Nikadhani mabibi wote ndivyo walivyo, chini ni nguo tu.

Mlango wa pili alikaa Bi Raya na mumewe Makame. Makame alikuwa hamali wa magunia ya karafuu, mtu mnene wa shingo, na kulabu yake ya kunyanyulia magunia haikutoka kiunoni. Bi Raya alikuwa fundi wa piko, hakuna harusi mtaani isiyomwita, maua yake mkononi utadhani yanapumua. Na mtoto wao alikuwa Faki. Faki alikuwa mdogo kwangu, hajaanza hata chuo cha Kurani, na alikuwa wangu. Sijui nieleze vipi. Nikienda mferejini yuko, nikienda kwenye karo yuko, nikipigana anashikilia gauni langu kwa nyuma anapiga kelele, "Mng'ate! Dada Mize, mng'ate!" Yule mtoto hakuwa akitembea. Alikuwa anakimbia tu. Mama yake akimtuma chumvi, ataikimbilia, na nusu ya chumvi itabaki njiani.

Sasa ikapita gari ya kipaza sauti inatangaza kwamba wanakuja watu wa chanjo, nyumba kwa nyumba, kuwapa watoto matone ya kuzuia kupooza. Wanawake wakakutana mferejini, kwa mara moja bila ya kupigana.

"Nyumba kwa nyumba kuna nini?" Bi Raya akasema. "Ntoto wangu kaugua homa, nimekwenda hospitali nimekaa kutwa, dawa hamna. Leo dawa inanifuata mie mlangoni, tena bure? Cha bure kina kitu ndani."

"Kinakata kizazi," akasema mmoja.

"Ndiyo hicho. Wanaona masikini tunazaa sana."

Nyie msicheke. Mkiwa mmekaa pale, na karo lile linanuka, na hakuna aliyewahi kuja kuliziba, na nyie mngesema hivyo hivyo. Watu waliokusahau mwaka mzima, siku wakikukumbuka lazima ujiulize.

Ilijulikana kwamba watu wa chanjo wakishampa mtoto matone humpaka wino mweusi kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, wasije wakarudia. Na wiki ile mdogo wake Bi Raya alikuwa anaolewa, uani kumejaa piko, kila msichana mikono imechorwa mpaka kwenye viwiko. Bi Raya akakitazama kibakuli chake akacheka. "Wao wanatafuta kidole cheusi? Basi sie vidole tunavyo." Akatupanga watoto wa uani wote. Akachovya kidole kimoja kimoja, ukucha na nyama, wa kike na wa kiume. Wavulana wakubwa walilia kwa aibu. Faki alifurahi, akakimbia uwanja mzima kidole juu. Zamu yangu ilipofika, Bibi akaingia na karai lake la chipsi kichwani.

"Raya, unafanya nini?"

"Harusi, Bibi."

Bibi akatazama vidole, akaelewa. Akatua karai. "Mwanangu, futa."

"Piko halifutiki, unajua wewe. Subiri ukucha uote."

"Mpe mtoto matone, Raya. Nakuomba. Mpe matone."

"Mpe mjukuu wako. Huyu ana baba yake."

Bibi akaupeleka ule mpini wa jembe, kibakuli kikapinduka, piko likatapakaa kwenye gauni la Bi Raya. Palichimbika. Bi Raya akamsukuma Bibi mpaka kwenye ukuta, Bibi akamshika nywele, mtandio ukachanika, wanawake wakawa wanavuta huku na huku kama wanagombea kuku. Makame akawatenganisha kwa kuwapiga wote wawili. Na hapo Bibi, amekaa chini anatweta, akasema lile neno ambalo baadaye lilimrudia. "Mtaona! Wallahi mtaona! Mtalia uani hapa, na mie nitakuwa nakutazameni!"

Mtu wa chanjo alipokuja alikuwa msichana mdogo, kavaa buibui, jasho linamtiririka, kisanduku cha barafu kinamwangusha bega. Watoto wakanyoosha vidole. Bi Raya akamwambia, "Hawa wameshapata, mwanangu, walipata kule skuli." Msichana akakishika kidole cha Faki akakigeuza. Akatazama na mikono ya wasichana iliyojaa maua, akatutazama sote. Mie nasema alijua. Lakini Makame alikuwa barazani ananoa kulabu yake juu ya jiwe, polepole, wala hakuinua macho. Yule msichana akakiachia kidole.

"Huyu hajapata!" Bibi kanikokota kwa sikio kutoka ndani. Kanibana pua mpaka mdomo ukafunguka, nami nikamng'ata msichana wa watu kidole. Matone yakaingia hivyo hivyo. Nikapakwa wino. Uani kote mtoto aliyekunywa nilikuwa mie peke yangu, na wenzangu wakanitungia wimbo, Mize kakatwa kizazi. Niliwapiga walioimba, nikawapiga na walioitikia. Faki hakuitikia. Aliweka kidole chake karibu na changu, akasema, "Cheusi na cheusi."

Masika yakaja, karo likapanda mpaka vizingitini. Watoto wengi uani walipata homa wakapona. Faki naye kapata homa, tukasema homa tu. Siku ile homa ilipomwacha, mama yake alimwamsha akamwekea uji sakafuni. Faki kasimama kuukimbilia, kama kawaida yake, akaanguka. Nilikuwepo. Tukacheka. Kasimama tena akaanguka tena, uji umempaka uso mzima, na yeye mwenyewe anacheka, anadhani ni mchezo. Mara ya tatu mama yake hakucheka. Ule mguu wa kulia ulikuwa unaning'inia kama soksi.

Wakamwita fundi, maana kwetu mganga tunamwita fundi. Nilichungulia kwenye tundu la ukuta, nikaona yote, na yale niliyoyaona sijamsamehe mtu mpaka leo. Walimfukiza mvuje, utomvu ule wa kunuka, mpaka kakohoa na damu ikamtoka puani. Walimchanja chale kwa wembe, chini ya goti na juu ya kifundo, wakasugua dawa yenye pilipili ndani ya zile chale. Faki alipolia, fundi akampiga kwa fimbo ya mkwaju, akasema si Faki anayelia, ni yule aliyemo. Makame, na ukubwa wake wote, alikuwa anamshikilia mabega huku machozi yanamdondokea mtoto usoni. Na kile kidole cha mwisho cha Faki kilikuwa kimekunjika juu ya mkeka, piko lingalipo kwenye ukucha.

"Mguu wa ntoto huyu umechukuliwa," fundi akasema. "Huu uliobaki si wake. Aliyeuchukua yuko karibu, na kwa mdomo wake alishasema."

Hapakuhitajika zaidi. Mtaona, mtalia uani hapa. Nani kasema? Na mtoto wa nani pekee mzima, hakuguswa hata na homa? Tena watu wa bara wale.

Sasa mie nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimelelewa uani. Nilishasikia mara elfu kwamba mtu akichukuliwa na wachawi, kinachozikwa ni gogo la mgomba, mwenyewe yuko kwa wachawi hao analimishwa. Basi nikaelewa moja kwa moja: Faki amebandikwa kipande cha mgomba, na mguu wake wa kweli, ule unaokimbia, upo kwetu. Niliamini. Sikuamini nusu, niliamini kama ninavyoamini kwamba jua litachwa. Nikaanza kuutafuta. Bibi akienda skuli na chipsi zake, mie niko chini ya kitanda, niko ndani ya sanduku, nimetia mkono kwenye mtungi mpaka kwapani, nimefukua majivu ya jikoni kwa mwiko. Niliuwazia ukiwa mdogo, una joto, umefungwa kitambaa. Nilikuwa na khofu kwamba nikiugusa utapiga teke.

Na nje wakati huohuo nilikuwa napigana. Walianza kuturushia mawe juu ya bati. Bibi akipita na karai watoto wanaimba, "Mwanga! Mchawi wa bara!" na hakuna anayenunua chipsi tena. Nilimvunja jino mtoto wa mtu mferejini. Nilimtia mwengine uso kwenye karo nikamshikilia mpaka wakubwa wakanitoa kwa mateke. Kila jioni nilirudi nina damu yangu au ya mtu. Na kila ngumi niliyopiga nilijua moyoni kwamba wanayoyasema ni kweli, Bibi kaiba mguu. Lakini alikuwa Bibi yangu. Kama ni mwizi, ni mwizi wangu mie, na nani kawapa ruhusa ya kumsema?

Mwisho nikashindwa. Bibi alikuwa anamenya muhogo ambao hakuna wa kuula, nikamkalia mbele.

"Bibi, mrejeshee Faki mguu wake. Nipe mie nimpelekee. Sitasema nimeutoa wapi."

Bibi hakuwahi kunipiga usoni kabla ya siku ile. Kibao kile kilinilaza juu ya maganda. Kisha akakaa na kisu mkononi, akawa anarudia, "Na wewe? Na wewe, Mize?" Muhogo ukabaki nusu umemenywa.

Walikuja siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, wanaume wametoka msikitini moja kwa moja na kofia zao vichwani. Makame mbele na kulabu. Bi Raya na mchi wa kinu, kamfunga Faki mgongoni kwa kanga. Nyuma yao uwanja mzima. Nilikuwa mlangoni, nikaokota lile jiwe tunalozuilia mlango.

"Mtoe bibi yako," Makame akasema.

"Njoo umtoe."

Kaniinua kwa shingo ya gauni kwa mkono mmoja, kama gunia tupu, nami nikamng'ata kifundo cha mkono mpaka nikasikia kitu kinakatika kinywani. Hakupiga kelele. Kanitupa. Bibi alishatoka mwenyewe, anaegemea mpini wake.

"Nipe mguu wa mwanangu," Bi Raya akamwambia. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Nitakupa chochote. Nipe."

"Sina, Raya."

"Unao!"

Mchi ukashuka. Bibi kauzuia kwa mkono, na mkono ukalia, jamani, ulilia kama kuni kavu. Mpini ukamtoka, akaanguka chali kwenye matope. Kanga ikapanda.

Na hapo uwanja wote ukapiga ukelele mmoja. Maana chini ya kanga ya Bibi mlikuwa na mguu mmoja wa mtu mzima, mnene, mweusi, umekakamaa kwa kazi. Na mwengine ulikuwa wa mtoto. Mwembamba, laini, goti dogo kama chungwa, wayo umejikunja. Mguu wa mtoto mdogo, umeshikana na nyonga ya mwanamke mzee.

"Huo!" mtu akapiga kelele. "Mguu wa Faki huo! Kauvaa!"

Na mie, Mungu wangu, mie nikasema moyoni, ah, kumbe ndipo alipouficha. Ndiyo maana sikuuona.

"Ukateni!" sauti ikatoka nyuma. "Ukateni arejeshewe!"

Makame akapiga goti, akauinamia ule mguu na kulabu mkononi. Nikamrukia Bibi. Nikaulalia ule mguu, nikaukumbatia kwa mikono na miguu yangu yote, na nilivyoukumbatia ulikuwa wa baridi, una matope, na mie nikawa nalia na kupiga mateke nikisema, "Kateni wangu! Mpeni Faki wangu, mwacheni Bibi, kateni wangu!" Niliona damu ya Makame, niliyoitoa mie kwa meno, inadondoka juu ya kulabu. Nilifumba macho.

"Raya," Bibi akasema. Alikuwa kwenye matope, mkono umepinda pasipo na kiungo, na aliongea kama mtu anayeomba chumvi. "Mshushe mtoto. Mlete hapa. Kama ni wake, si utamuenea? Mpime."

Sijui kwa nini Bi Raya alitii. Labda alitaka kweli kupima. Kamfungua Faki mgongoni, kamkalisha kwenye matope, Bibi akanivuta pembeni kwa mkono wake mzima, akauweka ule mguu wake mdogo karibu na ule wa Faki. Uliokauka na unaokauka.

Kwenye mguu wa Faki zilikuwepo chale za fundi, bado mbichi, zina usaha, chini ya goti na juu ya kifundo. Na kwenye mguu wa Bibi, chini ya goti na juu ya kifundo, zilikuwepo chale. Za zamani. Zimepanuka, zimeng'aa kama mshipi wa kuvulia uliosahauliwa, zimezeeka pamoja na ngozi. Mahala pale pale. Hata ile fimbo ya mkwaju ilikuwepo, mistari myeupe kwenye muundi.

"Mie nilichanjwa Ole," Bibi akasema. "Nilikuwa kama huyu. Mama yako alikuwa hajazaliwa, Raya. Walinifukiza, wakanichanja, wakanipiga, wakaenda kumpiga jirani. Mguu haukurudi." Akameza mate. "Mie nilikwambia mpe matone. Nilikwambia mtaona kwa kuwa mie nishaona."

Bi Raya kaushika mguu wa Bibi. Akapitisha kidole juu ya chale, moja moja, kisha akapitisha juu ya za mwanawe. Yule ni mchoraji, anajua mkono wa mtu ukipita pahala. Mchi ulikuwa umemlala mapajani. Faki akamtazama Bibi, akatazama miguu, akaweka wayo wake kwenye wayo wa Bibi akacheka. "Sawa na sawa," akasema.

Hakuna aliyeomba radhi. Msidanganyike na hadithi. Watu walirudi nyuma mmoja mmoja, kama vile kila mtu kakumbuka kaacha chungu jikoni. Makame alikaa pale amepiga goti muda mrefu. Kisha akageuka akainama, akamwambia Bibi, "Panda." Akambeba mgongoni mpaka hospitali, kulabu ingali mkononi kasahau kuiacha, damu yake na matope ya Bibi vimechanganyika kwenye shati. Mie nilikimbia nyuma yao njia nzima. Kule hospitali, nilipokuwa nangoja Bibi afungwe mkono, palikuwa na karatasi ukutani yenye picha ya mtoto na mguu ule ule. Nilikuwa sijui kusoma vizuri. Nilikaa mbele yake nikaisoma herufi kwa herufi, kwa hasira, mpaka ikakubali. Ugonjwa wa kupooza. Huingia kwa mdomo, kwa maji machafu. Hauna dawa. Una kinga. Skuli niliikimbia baadaye, lakini kusoma sijaacha tangu siku ile, na nasoma hivyo hivyo mpaka leo, kama mtu anayepigana.

Watu wa chanjo walirudi baada ya habari kufika, na yule msichana wa kisanduku akiwemo. Hapo nikaona kitu ambacho kila nikinusa piko hunirudia. Wanawake wa uani walikuwa na khofu kwamba watoto wao watarukwa kwa sababu piko lilikuwa bado kwenye kucha. Msichana aliwaambia, "Jamani, safari hii sitazami kidole, nampa kila ntoto." Hawakumsikia. Walikuwa wameshika vipande vya tofali na mchanga na ndimu, wanasugua vidole vya watoto wao. Wanasugua mpaka ukucha unachubuka, mpaka nyama, watoto wanapiga kelele, damu inadondokea kwenye karo. Bi Raya alikuwa na mtoto mdogo wa jirani, anasugua, analia, anasugua. Bibi, mkono umefungwa shingoni, alikwenda akamnyang'anya tofali akalitupa. Kisha akambana yule mtoto pua kwa vidole viwili, kama alivyonibana mie. "Mimina," akamwambia msichana.

Tangu hapo Bi Raya alimtekea Bibi maji kila asubuhi mpaka mkono ulipopona, na ulipopona akaendelea, na hawakuzungumza juu yake kabisa. Piko aliacha. Bibi naye alipandisha kanga. Alikaa barazani akikaanga chipsi na mguu wake mdogo nje, kila mtu auone, na mwanamke akija na mtoto mchanga, Bibi huuliza kabla ya salamu, "Kapewa matone?" Akijibiwa vibaya, huunyoosha mguu wake mbele yake, basi.

Faki alikua akichechemea nyuma yangu. Aliyemcheka alikutana na meno yangu, mpaka akawa mkubwa akaniambia, "Dada Mize, inatosha, mie mwenyewe nina ngumi." Na kweli anazo.

Bibi kafa kiangazi kilichopita. Tulimuosha sie wanawake, na mie nilipewa kumwagia maji upande wa miguu. Ulipofika wakati wa kutoka, wanaume wakainua jeneza, na Faki akaja akaingiza bega lake mbele kulia. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Baba, wewe tupishe, jeneza litayumba." Nikasogea. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, msibani, mbele ya mashehe. Lakini Faki alimtazama yule mzee tu. "Acha liyumbe," akasema.

Sie wanawake tulibaki mlangoni. Tuliwatazama wanavuka uwanja, wanalizunguka karo, ambalo lipo mpaka leo. Kila hatua ya Faki, jeneza linashuka upande mmoja, linapanda, linashuka, linapanda. Bi Raya alikuwa amesimama pembeni yangu, kanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Mtazame Bibi," akaninong'oneza. "Anakwenda kwa mwendo wake."